Barua ya takataka niliyoitupa kwenye takataka

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili mjue naongea kama mtu aliyeungua, sio mtaalamu. Mwaka juzi ilikuja barua nyumbani, bahasha nyeupe ya kawaida, maandishi madogo madogo, nyuma kumejaa jedwali la namba, na mimi kwa akili zangu nikajua ni hawa hawa wanaotaka kukubadilishia madirisha au kukuwekea sola juu ya paa. Nikaichana mara mbili nikaitia kwenye pipa la blu. Mama Nuru akauliza, "Baba Nuru, hiyo ilikuwa ya nini?" nikamjibu ya watu wasio na kazi. Miezi mitatu baadaye bili ya takataka ikaja imenenepa, nikaigeuza mbele nyuma kama mtu anatafuta chenji yake, ndo nikakumbuka ile bahasha. Yaani barua ya kuniambia ada ya takataka inapanda, nimeitupa kwenye takataka.

Tunaishi kwenye kamji kadogo pembezoni mwa Los Angeles, jina sitaji maana mmoja wa madiwani mtoto wake anacheza timu moja na Nuru na sitaki maneno. Ni ile miji ambayo ukiwa unaendesha hujui umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi, nyumba zinafuatana tu, ghafla kibao kinasema jina jingine basi. Kaunti ya Los Angeles peke yake ina miji 88, kila mmoja na baraza lake na karani wake na ugomvi wake. Mimi nilikaa hapa miaka kadhaa bila kujua baraza letu linakutana lini. Nilijua rais nani, nilijua gavana nani, ila ukiniuliza nani amepanga lori la taka lipite Alhamisi na sio Jumatatu ningekwambia ni Mungu.

Sasa ile barua. Hapa California kuna kitu kinaitwa Pendekezo la 218, wapigakura walilipitisha mwaka 1996. Mji ukitaka kupandisha ada ya maji au ya taka unatakiwa uwaandikie wenye nyumba kwanza, kisha usubiri angalau siku 45 ndipo ufanye kikao cha kusikiliza. Zaidi ya nusu wakipinga kwa maandishi, ada haipandi. Lakini sikilizeni hapo penye mtego: asiyejibu anahesabika hajapinga. Kimya chako ndo kibali chako, kama bi harusi wa zamani anaulizwa mara tatu anainamisha kichwa, wazee wanapiga fatiha. Nilikuja kuangalia video ya kikao kile baadaye, karani anasoma idadi ya barua za kupinga, hazikufika hata hamsini, na mji una nyumba maelfu. Imepita. Wameenda kwenye jambo lingine kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kochi.

Basi mwenzenu nikapandisha mori. Nikaandika hotuba, nikavaa shati la kola, Jumanne jioni nikaenda. Ukumbi wenyewe mdogo kuliko nilivyofikiria, madiwani watano wamekaa kwenye meza ya nusu duara iliyoinuliwa kidogo, pembeni karani, pembeni mwanasheria wa mji, na mtu mmoja kimya sana mwenye kompyuta ambaye nilidhani ni fundi mitambo, kumbe ndo mkurugenzi wa mji, bosi wa kila kitu. Huyu hapigiwi kura. Anaajiriwa na madiwani na wao ndo wanaweza kumtimua, kazi za kila siku ziko mikononi mwake. Madiwani wenyewe wana kazi zao nyingine mchana, na umeya kwetu wanapokezana kama zamu ya kuosha vyombo, mwaka huu wewe mwaka kesho mimi.

Wakaita maoni ya wananchi. Pale kwenye maiki kuna kisanduku kina taa tatu kama za trafiki, ya kijani unaongea, ya njano imebaki dakika moja, nyekundu kaa chini. Dakika tatu. Mimi dakika ya kwanza nimeimaliza kwa salamu na kujitambulisha na kushukuru, si unajua tena malezi yetu, mtu hawezi kuanza tu na shida kama amefukuzwa na mbwa. Nilipofika kwenye takataka taa ikawa njano. Nikaongea mbio. Nikasema mnapandishaje ada bila kutuuliza, taa ikawa nyekundu, nikanyamaza nikiwa natetemeka, nikasubiri jibu.

Hamna jibu. Watano wote wananiangalia. Mmoja akatingisha kichwa kidogo kwa upole kama daktari. Meya akasema "asante sana, anayefuata."

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Nikasema hawa watu wana dharau, mtu mzima anaongea hata "tumekusikia" hakuna. Nje kwenye maegesho akanifuata mzee mmoja, nilishamuona ndani amekaa siti ya mbele na furushi la makaratasi, rula, na zile kalamu za njano za kung'arisha maandishi. Ni jirani yangu nyumba ya sita kumbe, tunapungiana mikono kila siku hatujawahi kuongea. Akaniambia, hawakukudharau, sheria imewafunga mdomo. Nikacheka. Akasema sio utani, akafungua buti la gari akanitolea karatasi.

Ni hivi. Mwaka 1952 gazeti la San Francisco Chronicle lilitoa mfululizo wa habari kuhusu mabaraza yaliyokuwa yanakutana chemba, wanaelewana kwanza huko halafu wanakuja hadharani kupiga kura tu. Mbunge mmoja wa Modesto, Ralph M. Brown, akapeleka muswada, mwaka uliofuata ikawa sheria, na mpaka leo watu wanaiita tu Sheria ya Brown. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, kikao maalumu cha kuitwa ghafla saa 24. Na kitu ambacho hakimo kwenye ajenda, baraza haliruhusiwi kukijadili wala kukiamua usiku huo. Wanaweza kusema neno moja mawili, kuuliza swali la kuelewa, au kumwambia mfanyakazi wa mji alifuatilie, basi. Mimi nilienda kuongelea ada iliyokwishapitishwa miezi mitatu nyuma, kwenye ajenda haipo, sasa wangenijibu nini? Kwa lugha yetu nilikuwa nimekuja msibani baada ya arobaini nauliza nani amefariki.

Tena sheria hiyo hiyo inawazuia wao kwa wao. Kwenye baraza la watu watano, watatu ndo wengi, kwa hiyo watatu hawawezi kukaa kwenye mgahawa wakapanga jambo la mji. Hata ule mchezo wa mmoja kumpigia wa pili, wa pili akampigia wa tatu, umekatazwa. Kama wanafanya au hawafanyi hiyo siri yao, ila ndo maana ukiwaona kwenye sherehe ya mtaa wanakwepana kama wapenzi walioachana.

Halafu mzee akaniambia kitu ambacho ndo sababu ya kuandika haya yote. Akasema, wewe umekuja kuangalia watu wanaongea, mambo hayaamuliwi hapo. Akanifungulia ajenda, akaniwekea rula kwenye sehemu moja hivi, orodha ya mambo kumi na nne. Haya ni mambo yanayoonekana ya kawaida, yanapitishwa yote kwa mkupuo, kura moja, bila mjadala. Kumbukumbu za kikao kilichopita, malipo ya mwezi, mkataba wa kukata miti, ununuzi wa gari, marekebisho ya mkataba wa mtu anayesafisha mitaro. Meya anauliza kuna diwani anataka kutoa lolote pembeni lijadiliwe peke yake? Kimya. Kuna mwananchi? Kimya. Watano ndiyo, sifuri hapana. Nilikuwepo ukumbini wakati wanapitisha na nilikuwa nachungulia simu.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa. Ajenda ya kwetu inatoka Ijumaa jioni, faili la PDF la kurasa mia tatu na kitu, kurasa kumi za mwanzo ndo ajenda, zilizobaki ni ripoti za wafanyakazi na mikataba. Mama Nuru anasema nimeanza kuzeeka. Lakini kiukweli ukishaanza kusoma unaelewa mji wako kuliko kuuishi miaka kumi. Mfano mimi nilikuwa najua tuna polisi wetu. Hatuna! Ni sherifu wa kaunti, tunamkodi kwa mkataba, na ndo mkataba mkubwa kuliko yote kwenye bajeti. Hii staili ilianzia Lakewood, huku huku kwetu. Miaka ya mwanzo ya 1950 walijenga pale nyumba 17,500 kwa miaka kama mitatu hivi kwenye yaliyokuwa mashamba, mji jirani wa Long Beach ukataka kuwameza, wakazi wakakataa wakapiga kura kuwa mji wao wenyewe mwaka 1954, lakini badala ya kujenga idara zote wakaamua kununua huduma kutoka kaunti. Mji wenye jina na baraza, kazi nyingi anafanya mwingine kwa malipo. Miji mingi ikaiga, wetu ukiwemo.

Sasa ukijua hivyo unaelewa kwanini lile pipa la kijani. Mimi nilikuwa nalalamika nani ameleta hili pipa la tatu, kumbe mzizi wake uko Sacramento, makao makuu ya jimbo: jimbo lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kupunguza gesi ya methane, na kuanzia Januari 2022 miji ikalazimika kukusanya mabaki ya chakula na majani peke yake yakafanywe mboji au gesi badala ya kuozea dampo. Ganda la ndizi na sanduku bovu haviruhusiwi kulala pamoja tena. Hapo lazima lori lingine lipite, na mahali pengine pa kupeleka, gharama ikaja kwenye mkataba, mkataba ukaja kwenye ajenda, ajenda ikazaa barua, barua nikaichana. Mlolongo mzima huo nilikuwa na nafasi kama nne za kuusikia na zote zimenipita.

Mtu anaweza kusema baraza dogo, mji mdogo, itakuwa na madhara gani. Hapo huwa nawakumbusha Bell. Ni mji wa maili za mraba 2.5 tu, sio mbali na kwetu, wakazi wengi ni familia za kipato cha chini. Mwaka 2010 waandishi wa Los Angeles Times wakagundua mkurugenzi wa mji, Robert Rizzo, analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Madiwani wanne kati ya watano, kazi ya muda tu, wanachukua karibu dola 100,000 kila mmoja. Walifanyaje? Sehemu kubwa ilikuwa posho za kukaa kwenye vibodi vya mji ambavyo vikao vyake vingine vilichukua dakika moja mbili, vingine havikukaa kabisa. Na mlango wote ulifunguliwa mwaka 2005 kwenye uchaguzi maalumu wa kubadili hadhi ya mji ili usibanwe na kikomo cha mishahara cha jimbo, wakajitokeza wapigakura wapatao 400. Mia nne! Harusi ya kwetu ina watu zaidi ya hao. Rizzo mwaka 2014 alihukumiwa miaka 12 jela. Baada ya pale jimbo likaanza kuweka mishahara ya miji mtandaoni, majina hamna lakini vyeo vipo, na ndiyo, nimeshaangalia wa mkurugenzi wetu, mtu wa kawaida, nikalala vizuri.

Kitu kinachonichekesha ni watu wanakuja kwa nini na hawaji kwa nini. Mwezi wa sita ndo mwezi wa bajeti kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwaka jana usiku wa bajeti tulikuwa watu tisa, na mmoja alikuwa amesinzia. Mamilioni yanapita pale. Ndo usiku nilioelewa kwanini madiwani wanawapenda wauza magari kuliko hata sisi: ile kodi ya mauzo unayolipa dukani, asilimia 1 ya bei ya ulichonunua inarudi kwenye mji ambako mauzo yamefanyika, wakati kodi ya nyumba ilifungwa na Pendekezo la 13 la mwaka 1978, asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa na thamani hiyo haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya, na mji unapata kipande tu cha hiyo. Yule mzee aliyenunua zamani analipa kodi ambayo nikimtajia Mama Nuru anakunja ndita, na nyumba zetu ni pacha.

Lakini siku yenye ajenda ya magorofa, loo, watu wanasimama mpaka koridoni. Jimbo linaipa kila kanda idadi ya nyumba mpya ambazo lazima izitafutie nafasi, kanda yetu ya kusini kwa mwaka 2021 hadi 2029 imepewa zaidi ya milioni 1.3, kila mji unagawiwa fungu lake, na kila mji unaapa kwamba nyumba zinahitajika sana, sana, ila kwa jirani. Nimesikia mama mmoja akisema ghorofa tatu zitaharibu tabia ya mtaa. Mtaa wenyewe una nyumba za chini, gereji na mbwa. Nimesikia baba mmoja anatetea maegesho kwa machozi kabisa. Siwacheki sana, na mimi sehemu ya kupaki pale mbele naipenda. Ila mkali wao ni Woodside, kule karibu na Silicon Valley. Jimbo liliposema kuanzia Januari 2022 mwenye nyumba aruhusiwe kugawa kiwanja chake na kujenga zaidi, Woodside wakatangaza kwamba mji mzima, wote, ni makazi ya puma, wale paka wakubwa wa milimani, kwa hiyo sheria haiwahusu. Puma! Mwanasheria mkuu wa jimbo akawaandikia barua na wiki hiyo hiyo wakarudi nyuma. Mzee wetu aliicheka hiyo habari mpaka akavua miwani.

Haya, taarifa za mtaa sasa maana kuna majirani wananisoma. Lori la majani linaendelea Alhamisi, vifuniko vya mapipa vifungwe vizuri maana panya wamezidi. Matuta ya kupunguza mwendo karibu na shule bado yako kwa wahandisi, msiniulize tena, nikijua mtajua.

Kubwa ni miti. Kwenye ajenda iliyopita, jambo la 9 kwenye ule mkupuo, kulikuwa na mkataba wa miti, jina lake halina hata harufu, "marekebisho ya pili ya mkataba wa matunzo." Mzee ndo alinipigia Jumamosi asubuhi, akasema fungua ukurasa wa 212. Nikafungua, ni jedwali, mtaa wetu upo, miti mitatu, safu ya mwisho imeandikwa kung'oa. Ni ile mitatu mikubwa ya mbele kuanzia kwangu kwenda kwa mzee, ambayo mchana wa Agosti ndo inafanya mtu aweze kutoka nje. Sababu ni mizizi imenyanyua njia ya waenda kwa miguu, na kweli imenyanyua, kuna mahali zege limepanda kama kiganja kizima, mama mkwe alishajikwaa hapo. Sasa hapo ndo pana ladha: kwa sheria ya jimbo njia ile iliyo mbele ya kiwanja chako ni jukumu lako wewe mwenye kiwanja kuitunza, hata kama mti ulioivunja ni wa mji. Kuna miji imeamua kuibeba yenyewe hiyo kazi, wetu unaibeba nusu nusu, na kung'oa ni bei rahisi kuliko kukata mizizi na kumwaga zege upya kila baada ya miaka.

Jumanne nikaenda, safari hii na tisheti. Meya akauliza kuna mwananchi ana la kusema kwenye orodha, nikanyanyuka kabla hajamaliza. Sikusalimia, Mungu anisamehe. Nikasema jambo la 9, ukurasa wa 212, mistari mitatu ya mwisho, naomba mlitoe pembeni, mtaalamu wa miti hajaandika popote kwamba miti inaumwa, imeandikwa tu njia imevunjika. Nikakaa. Taa ilikuwa bado kijani, sijawahi kujisikia tajiri wa muda namna ile. Yule diwani wa timu ya Nuru akasema anaomba jambo la 9 litolewe, na safari hii kwa sababu limo kwenye ajenda wakaongea, wakaulizana, mkurugenzi akafungua maiki yake kwa mara ya kwanza naisikia sauti yake, ni nyembamba kuliko nilivyotegemea. Dakika kumi na moja, nilipima. Mmoja anataka ing'olewe yote kabla mtu hajavunjika mguu akaushtaki mji, na tuwe wakweli ana hoja, mama mkwe yupo ni shahidi. Mwisho wakapiga kura mkataba upite bila mtaa wetu, na mtaa wetu urudi baada ya wiki mbili na ripoti ya mtaalamu.

Ripoti inaingia kwenye ajenda ya Ijumaa hii. Mzee anasoma kuanzia ukurasa wa 1 hadi 150, mimi zilizobaki, na Mama Nuru, ambaye bado anasema mambo ya wazee haya, juzi nimemkuta nje na futi ya fundi anapima lile zege lilivyopanda, anamwandikisha Nuru namba.